Mgeni Njoo, Mwenyeji Alipe: Historia Fupi ya Starehe za Bei Chee Dodoma

Siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa bei chee. Yupo anayejua tiketi ya ndege hushuka siku gani. Yupo anayejua kwamba hoteli kubwa ukiwapigia simu mapokezi moja kwa moja unaweza kupunguziwa kuliko ukipitia mtandaoni. Yupo mwingine atakuhakikishia kuwa daraja la biashara si la matajiri, ni la wajanja. Sina ugomvi nao. Mteremko nikiupata, siuachi.

Ila sisi tunaopenda kufukua vitabu vya zamani tuna tabia moja mbaya, ya kuuliza maswali hata wakati wa kula. Chumba kina thamani ya shilingi laki mbili, mimi nimelipa laki moja, sawa. Hiyo laki nyingine kalipa nani? Maana kitanda ni kilekile, maji ya moto ni yaleyale, na shuka lazima mtu alifue. Starehe haishuki bei yenyewe. Mara nyingi bili imehamishiwa meza nyingine.

Mahali pazuri pa kulichimba swali hili ni Dodoma. Wengi wakisikia Dodoma hufikiria Bunge, zabibu na vumbi. Mimi nikiishi hapa nimejifunza kuiona kama mji wa wapitaji: misafara, garimoshi, ndege, wabunge, maofisa wa semina. Historia ya Ugogo kwa sehemu kubwa ni historia ya wageni wanaopita, na ukitaka kujua nani alikuwa na nguvu katika kila zama, uliza tu nani alilipa gharama ya safari.

Zama ambazo mgeni alilipa

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikuwa haina ujanja, lazima ipite Ugogo. Ukitoka Mpwapwa unaingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya maana. Ukimaliza Ugogo upande wa magharibi, unakutana na Mgunda Mkali, pori jingine la kutisha. Katikati ndipo walipokuwa Wagogo, wenye visima, mabwawa, nafaka na mifugo. Msafara wa watu mia kadhaa ukifika hapo na kiu ya siku mbili hauna ubavu wa kujadiliana sana.

Ndipo ikawapo hongo. Leo neno hilo limeharibika, tukilisikia tunafikiria bahasha chini ya meza. Zamani lilikuwa na maana iliyo wazi: ni malipo ambayo msafara ulimpa mtemi kwa kupita katika nchi yake na kutumia maji yake. Yalilipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Burton alipita mwaka 1857 akiwa na Speke. Stanley alipita 1871 akimtafuta Livingstone. Wote wawili waliandika kwa uchungu kuhusu hongo ya Ugogo, na mtemi Magomba wa Kanyenye wakamfanya maarufu kwa wasomaji wa Ulaya kama mtu wa kutoza. Ukizisoma kurasa zile unaweza kuwahurumia. Wanakaa siku nzima kambini, wajumbe wanakwenda na kurudi, kitambaa kinakataliwa kwa kuwa si cha rangi inayotakiwa.

Lakini hebu tugeuze kitabu tukisome kwa upande wa mwenyeji. Maji yanayonywewa na msafara wa watu 300 ni maji ambayo ng'ombe wa kijiji hawatayanywa. Nafaka inayouzwa leo haitakuwepo Januari, njaa ikigonga hodi. Nchi ile mvua zake ni za kubahatisha. Mtemi aliyekuwa anatoza alikuwa anafanya kile ambacho meneja yeyote wa hoteli angekifanya: chumba ni kimoja, wateja ni wengi, bei inapanda. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hongo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe. Walichokiita wao unyang'anyi kilikuwa nauli tu, na nauli ile ilikuwa ghali kwa kuwa mwenyeji alikuwa na sauti.

Reli, na hoteli iliyokuja nayo

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Morogoro ilifikiwa 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Safari iliyokuwa ya wiki na wiki kwa miguu ikawa ya saa na siku chache. Magomba na wenzake wakapoteza kisima chao cha nguvu kwa mpigo mmoja, maana garimoshi halimuombi mtu maji, na stesheni haina mtemi.

Reli ikazaa hoteli. Jengo linalojulikana leo kama Dodoma Hotel, lile linalotazamana na stesheni, ndilo lililokuwa hoteli ya reli. Tabora nako kuna ya kwake, ambayo wenyeji husimulia kuwa ilianza kama nyumba ya mapumziko ya bwana mmoja wa Kijerumani kabla tu ya Vita vya Kwanza. Nazipenda hoteli hizi za reli. Kuta nene, ua katikati, baraza ndefu za kupunga upepo. Ni majengo yaliyojengwa na watu waliojua jua la bara.

Ila ukikaa barazani pale na soda yako, kumbuka hesabu. Vita vilipofika, Waingereza waliiteka Dodoma Julai 1916. Kabla yao Wajerumani, na baada yao Waingereza, walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kilichofuata ni njaa kubwa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, ya mwishoni mwa miaka ile ya 1910, iliyoua watu wengi na kuwatawanya wengine. Njaa ile ilipiga katika nchi yenye reli, na mabehewa yakipita. Unaona mabadiliko? Miaka 50 tu kabla ya hapo, mgeni hakuweza kula mpaka amlipe mwenyeji. Sasa mgeni anakula, na mwenyeji ndiye anayelipa kwa ng'ombe wake na kwa mabega ya mwanawe.

Chini ya Waingereza mambo yakawekwa katika utaratibu wenye heshima zake. Garimoshi lilikuwa na madaraja matatu, na kwa desturi ya wakati ule rangi ya ngozi ndiyo iliyokuonyesha mlango wako: Mzungu la kwanza, Mhindi la pili, Mwafrika la tatu. Ofisa wa kikoloni aliyekwenda likizo Uingereza hakutoa senti mfukoni. Serikali ilimlipia yeye na mkewe, reli na meli. Serikali nayo ilipata wapi? Sehemu kubwa ilitoka katika kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, zilizowekewa sheria yake mwaka 1922. Mtu aliyekaa kwenye benchi la mbao la daraja la tatu alikuwa amechangia godoro la daraja la kwanza. Hakupewa hata risiti ya mchango huo.

Wapenzi wa fasihi mtakumbuka kuwa Shaaban Robert alipata kuhamishiwa Mpwapwa, katika idara ya mifugo, miaka ya 1940. Maisha Yangu inakitaja kipindi kile. Huwa najiuliza tungekuwa na picha gani ya bara letu kama makarani wengi wa aina yake wangeandika habari za safari zao kwa wingi uleule walioandika mabwana zao.

Ndege iliyotua Dodoma

Sasa hapa ndipo watu hushangaa nikiwaambia. Dodoma ilikuwa kituo cha ndege za kifahari za kimataifa tangu mwaka 1932.

Kampuni ya Uingereza, Imperial Airways, ilianzisha huduma ya kutoka London hadi Mwanza Februari 1931. Januari 1932 njia ikaendelezwa hadi Cape Town, kwanza kwa barua, kisha kwa abiria kuanzia Aprili mwaka huohuo. Kutoka Nairobi ndege ilipitia Moshi, ikaja Dodoma, ikaenda Mbeya, halafu Mpika, Broken Hill, Salisbury na kuendelea kusini. Safari nzima ilichukua siku 11 hivi. Abiria walikuwa wachache, mara nyingi hawafiki 10, na sehemu kubwa ya uzito ilikuwa mifuko ya barua. Ndani ya nauli kulikuwa na kila kitu: hoteli za njiani, chakula, hata gari la kukupeleka uwanjani. Ni kifurushi kamili, kama tunavyosema leo.

Nauli ya London hadi Cape Town ilikuwa pauni 130. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa 20 kwa pauni, kwa hiyo ni shilingi 2,600. Tuseme kwa mfano tu kuwa nyumba moja Ugogo ilidaiwa kodi ya shilingi 10 kwa mwaka. Tiketi moja ni kodi ya nyumba 260. Kijiji kizima, na cha jirani.

Utasema: basi hiyo si bei chee, hiyo ni ghali ya kufa mtu. Ndiyo, kwa mtu wa Dodoma. Kwa abiria mwenyewe ilikuwa punguzo. Nauli zile hazikutosha kuendesha huduma. Kampuni iliishi kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, pamoja na michango ya serikali za makoloni ambayo ndege zilipita juu yake, Tanganyika ikiwemo. Hazina ya Tanganyika ya miaka ile, wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia na bei za mazao zikiwa chini, ilipata fedha zake kwa nani? Jibu mnalo. Mkulima wa mtama aliyesikia ngurumo angani, akainua kichwa, akaitazama ndege ikishuka kuongeza mafuta, alikuwa mmoja wa wafadhili wake. Tena mfadhili asiyeweza kupanda, kufungua barua iliyokuja nayo, wala kuulizwa.

Raha ile haikudumu. Mwaka 1937 kampuni ilihamia kwenye ndege kubwa za kutua majini, na njia ikasogezwa pwani: Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban. Dodoma haina bahari. Ikaachiwa ndege ndogo za Wilson Airways ya Nairobi zilizokusanya barua na abiria wa bara. Hoteli ya reli ilibaki, uwanja ulibaki, na kodi ilibaki.

Waranti na posho

Uhuru uliondoa rangi kwenye milango ya mabehewa. Hilo si jambo dogo, na sitaki kulipita kama halikutokea. Ikaja zama ya waranti. Mwanafunzi wa sekondari kutoka Kigoma aliyepangiwa shule Dodoma au pwani alipewa karatasi ya serikali, akapanda garimoshi bila kulipa. Waulizeni baba na mama zetu waliosoma miaka ya 1960 na 1970, watawapa hadithi za kulala siku mbili kwenye behewa na watoto wa makabila ambayo hawakuwahi kuyaona. Ile nayo ilikuwa safari ya bei chee iliyolipiwa na mlipa kodi, lakini aliyelipa alikuwa na mwanawe ndani ya behewa.

Kisha mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa jambo likamilike ndani ya miaka 10. Mnajua kilichotokea. Chama kilikuja, Bunge likaja miaka ya 1990, wizara zikabaki Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka 40 tulikuwa na mji mkuu wa wageni: waziri anakuja, katibu mkuu anakuja, dereva wake anakuja, wote wanalala hotelini na wote wanalipwa posho ya kuwa nje ya kituo cha kazi. Yaani mtu alilipwa kwa kuwa nje ya kituo, wakati amesimama katikati ya makao makuu ya nchi yake! Sijui kama kuna mwandishi wa tamthilia angethubutu kubuni kichekesho kama hicho.

Ni ndani ya Bunge hapahapa Dodoma, Novemba 20, 2015, ambapo Rais Magufuli alisoma hesabu iliyowakausha watu midomo. Katika miaka miwili ya fedha, 2013/2014 na 2014/2015, safari za nje za serikali na taasisi zake zilitumia zaidi ya shilingi bilioni 356. Kati ya hizo, tiketi za ndege peke yake ni zaidi ya bilioni 183, na posho za kujikimu zaidi ya bilioni 104. Unaweza kuwa na maoni yoyote juu ya utawala wake, na mimi ninayo ya kwangu, lakini hotuba ile iliweka bili mezani mbele ya waliokula. Julai 2016 akatangaza serikali ihamie kweli, na ikahama. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Ujanja wa leo

Basi nirudi kwenye ujanja wetu. Atakayekuja Dodoma leo na anataka hoteli nzuri kwa bei ya kutupa, somo ni rahisi. Usije wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, maana hata vyumba vya kawaida hupanda bei na kujaa. Njoo Bunge likiwa limeahirishwa. Njoo Ijumaa jioni, wakati magari ya serikali yanaelekea Morogoro na Dar es Salaam. Ongea na mapokezi kwa adabu, uliza bei ya mwananchi. Mimi nimelala hivyo katika vyumba ambavyo wiki tatu kabla yake nisingeweza hata kuvichungulia.

Katika mojawapo ya hoteli hizo, ambayo sina sababu ya kuitaja, nilimuuliza dada aliyekuwa anatandika kitanda kama sasa wanapumzika baada ya pilika za bajeti. Alicheka. "Kaka, Bunge likiisha na sisi tunaisha." Akanieleza kuwa wengi wao ni vibarua, wanaitwa wageni wakiwa wengi, na wageni wakiondoka wanaambiwa wasubiri simu. Sakafu nzima ile alibaki yeye na mwenzake mmoja, kazi za watu watano. Chumba changu kilishuka bei kwa sababu ya mambo mengi, lakini mojawapo ni kwamba watu watatu walikuwa nyumbani wakisubiri simu.

Sisemi tuache kulala hotelini, au tulipe zaidi ya tulichoombwa. Dada yule mwenyewe angenishangaa. Nasema tu kwamba swali la Magomba bado linafaa kuulizwa: anayepita hapa anaacha nini kwa anayebaki?

Na kuna majibu yanayonipa moyo. Julai 25, 2024 treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma, na ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Agosti 1. Nauli ya treni ya kawaida ilianza na shilingi 31,000, kwa mwendo wa saa nne hivi, kiti safi na kiyoyozi. Kwa anayekumbuka basi la saa nane na zaidi, hiyo ni starehe kamili. Nayo si bei halisi, tusidanganyane. Reli ile imejengwa kwa mikopo, ukiwemo wa dola bilioni 1.46 uliosainiwa Februari 2020 kwa ajili ya kipande cha Dar es Salaam hadi Makutupora, na deni litalipwa na walipa kodi, wakiwemo ambao hawajawahi kuiona. Mkulima wa Kondoa anachangia kiti changu kama babu yake alivyochangia ile ndege ya 1932.

Tofauti ni nini basi? Tofauti ni kwamba leo mkulima huyo anaweza kukata tiketi. Wapo mama zetu wenye vikapu ndani ya mabehewa yale, wapo wanafunzi, wapo wagonjwa wanaokwenda Muhimbili na wanaokuja Benjamin Mkapa. Ruzuku inayomrudia anayeilipa ni mpango wa nchi. Inayokwenda kwa mwingine na haimrudii ndiyo ile ya Imperial Airways, hata ikiitwa jina zuri namna gani. Kipimo hicho kikitumika kwa haki, kuna tiketi nyingi za daraja la biashara ambazo hazitapita.

Nimalizie na mwandishi wa hapahapa, ambaye vijana wengi hawamsomi tena. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, jirani na panapojengwa leo mji wa serikali wa Mtumba. Maana yake ni kwamba alikuwa mtoto mchanga wakati wa Mtunya. Aliwahi kuwa karani wa serikali, baadaye hakimu, akaandika mashairi, ngonjera, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alifariki 1969. Tawasifu yake ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa, hadi ilipotoka mwaka 2013, na jina alilokuwa ameipa ni Maisha ni Kugharimia.

Ukipata chumba kizuri cha bei chee Dodoma, kichukue kitabu hicho ukisome humo. Halafu ukiondoka asubuhi, mwachie chochote dada anayetandika.